Tarehe 25 Haina Mwenyewe

Ukipanda matatu mjini Kisumu na kumwambia makanga unashuka Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga, atakuelewa, lakini atakuangalia kidogo. Mwambie "Russia" na hakuna atakayekuuliza swali. Mtu amelazwa Russia, mtu amezaliwa Russia, mtu anauza chai na mandazi nje ya lango la Russia. Jina la ubaoni limebadilika zaidi ya mara moja, la mdomoni limebaki lile lile. Lilitokana na pesa: Muungano wa Kisovieti ndio uliosaidia kuijenga hospitali hiyo katika miaka ya 60, enzi ambazo Jaramogi alikuwa na marafiki Moscow, na wenyeji hawakuwa na muda wa kutofautisha Urusi na zile jamhuri nyingine 14 za muungano. Moja kati ya hizo 14 ilikuwa Ukraine. Shikilia hilo, tutalirudia.

Hospitali ilifunguliwa Jumamosi, tarehe 25 Oktoba 1969. Rais Jomo Kenyatta alikuja mwenyewe. Tom Mboya alikuwa ameuawa Nairobi tarehe 5 Julai, Nyanza nzima ilikuwa bado na matanga rohoni, na Jaramogi, aliyekuwa makamu wa rais hadi 1966, sasa alikuwa kiongozi wa chama cha upinzani, KPU. Kenyatta na Jaramogi wakarushiana maneno hadharani, umati ukichemka. Kisha walinzi wa rais na polisi wakafyatua risasi. Serikali ilisema waliokufa ni watu 11. Wakazi wa Kisumu hawajawahi kuikubali hesabu hiyo. Wanataja idadi kubwa zaidi, na wanasimulia jinsi msafara ulivyoendelea kupiga risasi barabarani ukitoka mjini. Watoto wa shule walikuwa pale, kwa sababu rais akija watoto wa shule hupangwa kando ya barabara wapunge mikono. Siku chache baadaye KPU ikapigwa marufuku na viongozi wake wakawekwa kizuizini. Jaramogi alitoka 1971.

Hiyo ndiyo stori, kwa ufupi. Watu wengi wa rika langu wanaijua hivyo hivyo, kwa ufupi. Ukiuliza zaidi unaambiwa "wakati Kenyatta alikuja Russia", na mtu anatingisha kichwa, basi. Swali langu si la historia, wanahistoria wapo. Ninauliza hivi: mimi na wewe, ambao hata wazazi wetu wengine walikuwa hawajazaliwa mwaka huo, tunadaiwa nini na tarehe hii? Kwani tarehe inaweza kumdai mtu?

Kuna jibu la haraka ambalo nimelisikia kwa watu wenye akili zao. Linasema hapana. Mfu hasikii. Aliyeumia ameshazeeka, aliyefyatua naye amezeeka ama amekufa, na mji una shida zake: maji, kazi, magugu ziwani, omena kupungua. Kila tarehe ya maumivu unayoongeza kwenye kalenda ni siku moja zaidi ya matairi kuchomwa Kondele na vitoa machozi kuingia mpaka kwenye nyumba za Manyatta. Muulize mwenye duka wa Oginga Odinga Street. Amefunga duka mara ngapi kwa sababu ya kumbukumbu ya mtu mwingine? Yeye angependa tarehe zipite kama Jumanne ya kawaida.

Nalichukua jibu hili kwa uzito, kwa sababu si jibu la mtu mwoga. Mwaka 1882 Mfaransa Ernest Renan alitoa mhadhara kule Paris akisema kwamba taifa halijengwi na kukumbuka peke yake. Linajengwa pia na kusahau pamoja. Watu wakikumbuka kila walichotendeana, hakuna atakayekaa meza moja na mwenzake. Kenya huru ilianza kwa wazo la jamaa hiyo hiyo. Mzee alituambia tusahau yaliyopita, wale waliopigana na wale waliosaidia mkoloni, tujenge nchi. Na kweli, kuna kusahau ambako ni afya. Mke na mume wanaoishi pamoja miaka 40 wamesahau mambo mengi sana, ama wamejifanya wamesahau, ambayo kwa ndoa ni sawa tu.

Shida ni kwamba Renan alisema "pamoja", na neno hilo ndilo linalobeba mzigo wote. Mke akisahau kosa la mume, huo ni msamaha. Mume akimwambia mke "sahau", na huku ameshika ufunguo wa nyumba, hilo ni jambo jingine kabisa. Kisumu haikusahau 1969 kwa hiari yake. Chama kilifutwa, viongozi wakafungwa, na kwa miaka mingi kulizungumza jambo hilo kwa sauti kulikuwa ni kujitafutia maneno na serikali. Ule ukimya ulikuwa agizo. Agizo la kusahau linamfaa zaidi anayelitoa, hata likivikwa joho la umoja wa taifa.

Angalia pia kalenda ilivyopangwa. Tarehe 20 Oktoba ilikuwa Siku ya Kenyatta, kukumbuka kukamatwa kwake na wenzake mwaka 1952, hali ya hatari ilipotangazwa. Katiba ya 2010 ndiyo iliyoibadilisha ikawa Siku ya Mashujaa. Piga hesabu. Kutoka 1969 hadi 2010, zaidi ya miaka 40, mtoto wa Kisumu aliimba tarehe 20 kumsifu Mzee, kisha baada ya siku tano akaiona nyumba yao imenyamaza na hakuna anayemwambia kwa nini. Siku tano tu! Huhitaji kuwa na chuki na mtu yeyote kuona kwamba kuna kitu kimepinda hapo.

Sasa turudi kwa hao wajenzi wetu. Mwaka huo wa 1969, nchi iliyotoa pesa za hospitali ya Kisumu ilikuwa nayo na tarehe zake zisizotajwa. Mwaka 1932 na 1933 mamilioni ya watu walikufa njaa Ukraine, si kwa sababu mvua ilikosa kunyesha bali kwa sababu serikali ya Stalin iliwanyang'anya wakulima nafaka na kuwazuia kutoka vijijini kutafuta chakula. Waukraine wanaiita Holodomor. Serikali ya Kisovieti ilikana kwamba kulikuwa na njaa. Sensa ya 1937 ilipoonyesha kwamba watu hawatoshi, sensa ikafutwa na wataalamu walioisimamia wakakamatwa. Hapo inabidi ucheke kidogo kwa uchungu: nambari inasema ukweli, basi nambari inapelekwa jela. Mpaka mwishoni mwa miaka ya 80 hukuweza kuizungumzia njaa ile hadharani katika nchi hiyo. Kwa hiyo wale wahandisi na madaktari wa Kisovieti waliohusika na hospitali yetu, kama kati yao kulikuwa na Mukraine, alikuwa mtu anayejua vizuri sana jinsi familia inavyobeba tarehe ambayo haiko kwenye kalenda.

Leo Ukraine ina siku ya kuwakumbuka wale waliokufa njaa: Jumamosi ya nne ya Novemba. Jioni watu wanawasha mshumaa na kuuweka dirishani. Vitu vyote hivi vina siasa ndani yake, tusidanganyane. Katikati ya vita na Urusi, mwaka 2023, Ukraine ilihamisha Krismasi rasmi kutoka tarehe 7 Januari hadi 25 Desemba, na kumbukumbu ya kushindwa kwa Wanazi kutoka 9 Mei hadi 8 Mei. Kuhama siku moja tu kunaweza kuonekana mchezo kwa mtu aliye mbali, lakini ujumbe ulikuwa wazi: saa yetu haitasomwa tena kutoka Moscow. Sisi nasi tumefanya yetu. Siku ya Moi imepita majina kadhaa hadi sasa ni Siku ya Mazingira, tupande miti. Ni nani atakayekataa mti?

Lakini kilichonigusa mimi kule Ukraine si mshumaa. Mwaka 2008, miaka 75 baada ya njaa, walichapisha kitabu cha kumbukumbu chenye majina, mkoa kwa mkoa, kijiji kwa kijiji, kadiri walivyoweza kuyapata. Miaka 75! Walioandikiwa walikuwa wakulima ambao hakuna mtu aliyewahi kuwaita mashujaa. Hawakufanya jambo lolote la kuimbiwa. Walikufa tu, na hawakustahili kufa. Avishai Margalit, mwanafalsafa wa Israeli aliyeandika kitabu kuhusu maadili ya kukumbuka mwaka 2002, anaanza na kisa cha afisa wa jeshi aliyelaumiwa na watu kwa sababu alisahau jina la askari kijana aliyekufa chini yake. Kosa lake ni nini hasa? Hakumuua. Alisahau jina, basi. Lakini watu walihisi kwamba kusahau kule kulimuua kijana mara ya pili. Margalit anasema deni la kukumbuka liko kati ya watu wenye uhusiano wa karibu. Kwa binadamu wote kwa jumla tunadaiwa mambo mengine, kama heshima, lakini si kila mtu anadaiwa kumkumbuka kila mtu.

Hapo nakubaliana naye nusu. Nusu ninayokubali ni kwamba deni la tarehe 25 haliwezi kuwa la dunia nzima. Ninachouliza ni nani aliye karibu. Je, ni familia peke yake? Kama ni hivyo, basi kila boma libebe la kwake na mji uendelee na biashara. Mimi nasema aliye karibu ni yule anayeitumia hospitali. Ukizaliwa Russia, ukadungwa sindano Russia, ukamsindikiza nyanya yako Russia usiku kwa boda, wewe una uhusiano na ile siku, upende usipende. Unalala kwenye kitanda kilichofunguliwa kwa damu ya watu. Hakuna anayekulaumu kwa hilo, lakini jina la mwenye damu unapaswa kuulizia.

Wajaluo tuna neno linalonisaidia hapa: *rapar*. Linatoka kwa *paro*, kufikiri, kukumbuka. Ni ile siku ambayo familia huwaita watu tena baada ya mwaka mmoja au kadhaa tangu mtu azikwe, kaburini panasafishwa, watu wanakula, wanasali, wanaongea. Ukiwahi kuhudhuria rapar iliyoandaliwa vizuri, utakuwa umeona kwamba si matanga ya pili. Watu wanacheka. Mtu anasimama anasema marehemu alikuwa mbishi, alikuwa hapendi kulipa madeni, na kila mtu anapiga makofi kwa sababu ni kweli. (Gharama yake ni mjadala mwingine; kuna familia zimeuza ng'ombe wa mwisho kulisha watu ambao hawakumtembelea marehemu akiwa mgonjwa.) Jambo ninalotaka ulione ni kwamba rapar ina mwenyewe. Kuna boma, kuna jina, kuna mtu aliyetuma ujumbe akasema njooni. Marehemu anatajwa kama mtu mzima, na ubishi wake na madeni yake, hatajwi kama bango.

Tarehe 25 Oktoba haina mwenyewe. Na kitu kisicho na mwenyewe kinaokotwa. Kila msimu wa kampeni kuna mtu anayepanda gari lenye vipaza sauti na kuiokota: anakumbusha watu walivyopigwa risasi, umati unapandwa na hasira, kura zinapatikana, na tarehe inarudishwa kabatini mpaka miaka mitano ijayo. Ndiyo maana simlaumu yule mwenye duka. Kile alichokichoka si kumbukumbu, ni matumizi yake. Ameona wafu wakifanywa mtaji na watu ambao hawajui hata mmoja wao aliitwa nani.

Serikali nayo ina namna yake ya kuokota. Tarehe 1 Juni 2021 Kisumu ilikuwa mwenyeji wa Siku ya Madaraka. Uwanja mpya ulijengwa Mamboleo, barabara zikapakwa rangi, Rais Uhuru Kenyatta akaja na mgeni wake kutoka Burundi, na watu wengi walifurahi kwa dhati, nami siwacheki. Mji uliokuwa umewekwa pembeni kwa muda mrefu ulikuwa kwenye runinga siku nzima. Uwanja ukafunguliwa kwa jina gani? Jomo Kenyatta International Stadium. Wengine walisema huo ndio uponyaji wenyewe, kwamba jina hilo likiweza kuandikwa Kisumu bila mtu kurusha jiwe, kidonda kimepona. Inawezekana. Lakini kidonda kinachopona huacha kovu, na kovu linaonekana. Hapa tulipewa nguo ndefu ya kufunika. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano iliikabidhi serikali ripoti yake mwezi Mei 2013, na mauaji ya Kisumu yamo ndani. Mwaka 2015 rais aliomba radhi bungeni kwa niaba ya serikali kwa makosa ya zamani na kutangaza mfuko wa shilingi bilioni 10 wa waathiriwa. Radhi ni kitu kikubwa, sitaidharau. Ila radhi ya jumla, kwa wote, kwa yote, ni rahisi kuliko kwenda kwenye boma moja Kano ukasema: mtoto wenu, jina lake hili, tulimuua sisi.

Kwa rika letu hili si jambo la kale. Mwezi Agosti 2017, baada ya uchaguzi, polisi waliingia nyumba kwa nyumba Nyalenda, na kitoto cha miezi 6 kikapigwa kichwani kikafa siku chache baadaye. Nchi nzima inalijua jina lake. Tarehe 25 Juni 2024 vijana walifika bungeni na wengine hawakurudi nyumbani. Mwaka mmoja baadaye, tarehe hiyo hiyo, Nairobi ilifungwa kwa seng'enge, vituo vya habari vikaamriwa visirushe maandamano moja kwa moja, na watu wakauawa tena, mara hii wakikumbuka waliouawa. Kwa nini serikali yenye bunduki iogope siku ya kalenda? Kwa sababu mtu mmoja akikumbuka peke yake nyumbani hana madhara kwa yeyote. Tarehe ndiyo inayowafanya elfu kumi wakumbuke saa moja, mahali pamoja, bila kupigiana simu.

Na tofauti kubwa kati ya 2024 na 1969 ni majina. Vijana wa 2024 walikuwa na orodha mtandaoni kabla damu haijakauka: jina, umri, picha, mtaa, alikuwa anafanya kazi gani. Huwezi kusema walikuwa 11 na watu wakakaa kimya. Wa 1969 hawakupata hilo.

Sasa Oktoba ya Kisumu imepata tarehe nyingine. Raila Odinga alifariki India tarehe 15 Oktoba 2025. Tarehe 18 mwili wake uliletwa uwanja ule ule wa Mamboleo, watu wakaja kwa miguu kutoka kila upande. Tarehe 19 akazikwa Bondo. Tarehe 20 ikawa Mashujaa. Sijawahi kuuona mji huu ulivyokuwa wiki ile na sidhani nitauona tena. Kila mwaka kuanzia sasa, katikati ya Oktoba, kutakuwa na maombi, hotuba, fulana, misafara. Na ni haki, Baba ana wenyewe wengi.

Hofu yangu ni ya hesabu tu. Tarehe 15 ni ya mtu mmoja mkubwa. Tarehe 20 ni ya mashujaa, na serikali ndiyo inayoamua shujaa ni nani. Ikifika 25 watu wamechoka, pesa zimekwisha, wanasiasa wamerudi Nairobi. Wale wadogo, waliokwenda tu kumwona rais na kuona hospitali mpya, watapangiwa foleni nyuma ya wakubwa kama walivyopangwa kando ya barabara. Huko Rusinga Mboya ana kaburi linalotembelewa, Nairobi ana sanamu barabarani. Jaramogi ana hospitali yenyewe. Hata katika kumbukumbu ya maumivu yetu wenyewe tumepeana vyeo, na hilo hatuwezi kulisingizia serikali peke yake.

Sitaki sikukuu ya taifa tarehe 25. Wataleta gwaride, mkuu wa kaunti atasoma hotuba ya rais, na mtu wa tenda atakula pesa za mahema. Nataka rapar. Na rapar haiwezi kufanywa bila kujua ni ya nani, kwa hiyo kazi ya kwanza ni majina, na kazi hiyo ina muda wake. Mtoto aliyekuwa na miaka 10 kando ya barabara ile alizaliwa 1959. Sasa ni mzee, yuko Kajulu, yuko Ahero, yuko Dunga anatengeneza nyavu, ama amelazwa pale pale Russia na kipimo cha presha mkononi. Hakuna haja ya kumuuliza kama Kenyatta alikosea ama Jaramogi alichokoza. Hilo amechoka kuulizwa. Muulize alikuwa darasa la ngapi. Mwalimu aliyewapeleka aliitwa nani. Alisimama kati ya nani na nani, na kati ya hao wawili, Jumatatu yake darasani, dawati la nani lilikuwa tupu.